Kukunja Wanyama wa Karatasi Pamoja na Watoto Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wazazi, walezi na walimu wa chekechea huyauliza zaidi wanapotaka kuanza kukunja wanyama wa karatasi pamoja na watoto wa umri wa miaka 3 hadi 7. Majibu yote yamejengwa juu ya msimamo mmoja: mnyama anayetoka mezani awe kazi ya mikono ya mtoto mwenyewe, hata akitoka amepinda. Kazi ya mtu mzima ni kuandaa karatasi, kuonyesha, na kusubiri.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Hakuna umri mmoja unaowafaa watoto wote, ila zipo dalili za kuangalia. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida huweza kukunja karatasi kwa namna yake, bila kujali kama kingo zimekutana, na hilo linatosha kabisa kwa kiwavi au nyoka. Akikaribia miaka 5 huanza kuona mwenyewe kwamba kona haijafika mahali pake na kutaka kuirekebisha, na hapo ndipo mbwa na paka wanapowezekana. Mkunjo wa mshazari, yaani ule unaotoka kona hadi kona, mara nyingi humjia mtoto baada ya mkunjo wa nusu kwa nusu, kwa sababu kona ni kitu kidogo kinachohitaji kushikwa kwa ncha za vidole, ilhali ukingo mzima waweza kusogezwa kwa kiganja. Mtoto anayeshindwa kwenye mshazari hajashindwa kukunja. Mrudishe kwenye nusu kwa nusu kwa siku kadhaa, kisha ujaribu tena.

Tutumie karatasi ya aina gani?

Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, inafaa vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Ina ugumu wa kutosha kusimama mkononi, na bado inakubali kukunjwa na kidole kisicho na nguvu nyingi. Karatasi maalumu za origami, yaani sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, kwa kawaida ni miraba ya sentimita 15 yenye rangi upande mmoja. Ni nzuri, lakini kwa mtoto anayeanza ni ndogo mno, kwa maana kila kosa dogo la mkono huonekana kubwa juu ya karatasi ndogo. Mraba wa sentimita 20 na zaidi humpa nafasi ya kukosea bila mnyama kuharibika.

Faida ya karatasi yenye rangi upande mmoja iko kwingine: mtoto anaona mara moja upande upi uko juu, nawe unaweza kusema "upande wa rangi utazame meza" badala ya kutafuta maneno. Ukiwa na karatasi nyeupe tupu, mwachie mtoto aupake upande mmoja rangi kwa penseli kabla ya kuanza kukunja. Magazeti ni laini na wino wake hushika vidoleni. Yafaa kwa mazoezi tu. Kurasa za majarida zenye kung'aa hupasuka rangi kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Manila ni nzito kwa vidole vya mtoto, isipokuwa kwa chura anayeruka, ambaye huruka kwa sababu mikunjo iliyobanwa nyuma yake inataka kufunguka. Ugumu kidogo wa karatasi humsaidia.

Je, kuna ubaya gani ikiwa mraba wangu si mraba kamili?

Ubaya ni mkubwa kuliko unavyoonekana, na ningependa kila mtu mzima aupe uzito. Mraba ukizidi upande mmoja kwa milimita chache tu, kona hazitakutana kamwe, na mtoto, ambaye amekunja kwa uangalifu kama alivyoelekezwa, ataamini kwamba kosa ni la mikono yake. Kwa hiyo andaa miraba wewe mwenyewe, kabla mtoto hajaketi.

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Chukua ukingo mfupi, ulaze juu ya ukingo mrefu ili karatasi ijikunje kwa mshazari, kaza mkunjo, kisha kata ukanda uliobaki kwa kufuata rula. Utapata mraba wa milimita 210 kila upande na ukanda wa milimita 87 kwa 210. Ukanda huo usitupe. Ukikunjwa katikati, kisha katikati tena, kisha katikati mara ya tatu, unapofunguliwa huwa na sehemu 8, na mikunjo ikigeuzwa mmoja juu mmoja chini, mtoto wa miaka 3 ana kiwavi anayenyooka na kujikunyata. Mraba ulioukata kwa njia hii tayari una mkunjo mmoja wa mshazari, jambo ambalo ni msaada kwa anayeanza. Ukitaka usio na alama, pima na ukate kwa rula peke yake.

Mnyama gani awe wa kwanza?

Uso wa mbwa, bila shaka yoyote. Unahitaji mikunjo minne tu, na mtoto anamtambua mnyama mapema, mara masikio yanaposhuka, hata kabla ya kumaliza. Kutambua huko ndiko kunakomfanya aendelee.

Weka mraba mezani ili kona moja imwelekee mtoto. Ashike kona ya juu, aishushe mpaka ilale juu ya kona ya chini, kisha akaze mkunjo. Sasa ana pembetatu yenye ukingo mrefu juu na ncha chini. Kona ya kulia aishushe kimshazari iwe sikio, na ya kushoto vivyo hivyo. Masikio si lazima yalingane, na mara nyingi mbwa mwenye sikio moja refu ndiye anayependwa zaidi. Mwisho, ncha ya chini ainyanyue kidogo iwe pua, kisha achore macho.

Paka huanzia upande wa pili: kona ya chini hupandishwa juu, ili ukingo mrefu uwe chini na ncha iwe juu. Ncha hiyo hukunjwa kuja chini kidogo ili kichwa kiwe bapa, kisha kona za kulia na kushoto hupandishwa kimshazari mpaka ncha zake zitokeze juu ya kichwa kama masikio. Karatasi inapogeuzwa, uso unaonekana. Tendo la kugeuza huwafurahisha sana watoto, kwa hiyo mwache mtoto aligeuze mwenyewe.

Baada ya mbwa na paka, nyangumi ni hatua nzuri kwa mtoto wa miaka 5 au 6. Mraba ukiwa na kona moja kuelekea kwa mtoto, kunja kutoka kona ya kushoto hadi ya kulia, kisha fungua. Mstari wa katikati umebaki. Kingo mbili zinazokutana kwenye kona iliyo karibu na mtoto zilazwe kila moja kando ya mstari huo, na umbo la kishada litapatikana. Pembetatu iliyobaki juu ikunjwe kuja chini mpaka ifunike mwanzo wa kingo hizo. Kisha kitu chote kikunjwe nusu kwa kufuata mstari wa katikati, kilazwe ubavu huku ukingo ulionyooka ukiwa chini, na ncha nyembamba inyanyuliwe iwe mkia.

Mikunjo ya mtoto wangu imelegea na kona hazikutani. Nifanye nini?

Angalia mkono usiokunja. Mara nyingi tatizo haliko kwenye mkono unaobonyeza, liko kwenye ule unaotakiwa kushikilia. Mtoto huleta kona kwenye kona vizuri kabisa, kisha anapokwenda kukaza mkunjo huachia kona, karatasi husogea, naye hukaza mahali ambapo hakupakusudia. Kwa hiyo kazi igawe katika matendo mawili yenye majina yake: kwanza "shika", ambapo vidole viwili vya mkono mmoja vinabonyeza kona zilizokutana na havitoki hapo, pili "kaza", ambapo mkono wa pili unateleza kutoka kwenye kona kwenda chini hadi karatasi inapojikunja, unabonyeza katikati, kisha unafagia kuelekea kulia na kuelekea kushoto. Kuanza kukaza kutoka upande mmoja kwenda mwingine husukuma karatasi na kuipinda. Mkunjo ukishalala, mtoto aupitishie ukucha au mgongo wa kijiko.

Kuna njia nyingine mbili za kusaidia bila kumshikia karatasi. Ya kwanza ni kuchora nyota ndogo kwenye kona mbili zinazopaswa kukutana, ili maelekezo yawe "nyota ibusu nyota". Ya pili ni kukunja mraba mapema wewe mwenyewe, kisha kuufungua na kumpa ukiwa umenyooka. Karatasi hukumbuka mkunjo wake, na mtoto anapoikunja tena huisikia ikikubali mahali panapostahili. Ni mtoto aliyekunja, wala si wewe, na baada ya wanyama wachache unaweza kuacha kumwandalia.

Meza nayo iangaliwe. Karatasi iliyokunjwa juu ya magoti au juu ya zulia haitakuwa na mkunjo mkali hata kwa mtu mzima.

Je, niikamilishe kazi yake anaposhindwa?

Hapana. Hili ndilo jibu ambalo wengi hawalipendi, kwa sababu mkono wa mtu mzima unawasha kutaka kunyoosha sikio lililopinda. Mtoto hujua. Hujua hata pale mnyama wake anaporekebishwa akiwa amelala au ametoka nje, na somo analolipata ni kwamba kazi yake haikutosha. Kila mtu mzima awe na karatasi yake mwenyewe. Ukitaka kuonyesha hatua, onyesha kwenye karatasi yako, polepole, kisha uifungue na uonyeshe tena. Mtoto akikusukumia karatasi yake akisema "nifanyie", unaweza kukubaliana naye kwamba wewe utashika na yeye atakaza. Tendo la mwisho libaki kwake.

Wapo wanaohofia kwamba kuacha makosa kunamzoesha mtoto kazi mbovu. Sivyo inavyokuwa. Jicho la mtoto hukua pamoja na mkono wake, na mtoto yuleyule aliyeridhika na mbwa aliyepinda mwezi huu atamkataa mwezi ujao na kuomba karatasi nyingine. Usahihi unaotoka ndani ya mtoto hudumu. Ule unaoletwa na mkono wa mtu mwingine huondoka na mkono huo.

Nikae wapi ninapomwonyesha?

Kando yake, mkitazama upande mmoja. Ukikaa mbele yake, kulia kwako ni kushoto kwake na juu kwako ni chini kwake, naye atalazimika kugeuza kila kitu kichwani kabla hajagusa karatasi. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto hahitaji maelekezo tofauti kwa wanyama wenye pande mbili zinazofanana. Mwache aanze na upande anaoutaka.

Tukae mezani kwa muda gani?

Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mtoto wa miaka 4. Mnyama mmoja kwa kikao ni kipimo kizuri, na kama anataka kumkunja mbwa yuleyule kwa wiki nzima, mwache. Kurudia mnyama mmoja ndiko kunakoipa mikono kumbukumbu, hata kama mtu mzima amechoka kuona mbwa.

Karatasi ikichanika mtoto hulia. Tumsaidieje?

Weka rundo la miraba mezani tangu mwanzo, mahali anapoliona. Mtoto anayejua kwamba karatasi ni moja hukunja kwa hofu, na hofu hukaza vidole. Karatasi ikichanika, mwambie iliyochanika itakuwa nyasi, bahari au kibanda cha mnyama, kisha mwache achukue nyingine bila kuomba ruhusa. Kilio kikiendelea, mara nyingi mtoto amechoka na mnyama anaweza kusubiri hadi kesho.

Nina darasa zima. Nitawezaje?

Usijaribu kuwafundisha watoto 25 wa miaka 4 kwa wakati mmoja hatua ambayo hakuna hata mmoja wao anaijua. Anza na kikundi cha watoto wanne au sita kwenye meza moja wakati wengine wanafanya kazi nyingine, na siku inayofuata waliojifunza waketi mmojammoja kando ya wenzao wasiojua. Mtoto hueleza mkunjo kwa maneno mafupi kuliko mwalimu, na maneno hayo hufika.

Ukilazimika kuonyesha mbele ya wote, tumia mraba mkubwa wa nusu mita au zaidi, wenye rangi upande mmoja, na usiende hatua ya pili kabla kila mtoto hajanyanyua karatasi yake juu kuonyesha hatua ya kwanza. Wanaomaliza mapema wapewe penseli za rangi mapema pia, la sivyo wataendelea kukunja wanavyojua na kupotea njia. Jina la kila mtoto liandikwe kwenye karatasi kabla ya mkunjo wa kwanza, kwa maana mbwa wote hufanana.

Je, inaruhusiwa kukata, kubandika na kuchora?

Kwa watoto wadogo, ndiyo, bila kusita. Wakunjaji wengi wa leo hushikilia karatasi moja isiyokatwa wala kubandikwa, na ni nidhamu nzuri kwa mtu mzima. Hata hivyo, kitabu cha Kijapani cha mwaka 1797 kinachohesabiwa miongoni mwa vya zamani zaidi vya kukunja karatasi kwa burudani kinaonyesha korongo walioungana, waliotokana na karatasi moja iliyokatwa sehemu kabla ya kukunjwa. Macho, ndevu za paka na madoa ndiyo yanayompa mnyama wa mtoto tabia yake. Ningeshauri tu kwamba kuchora kuje baada ya mkunjo wa mwisho, ili uso usipotelee ndani ya karatasi.

Mtoto anajifunza nini hasa?

Anajifunza kutumia mikono miwili kwa kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, mmoja ukishika na mwingine ukikaza, na uwezo huohuo anauhitaji anapokata kwa mkasi, anapofunga vifungo na anapoandika huku akizuia daftari. Anajifunza pia kufuata mpangilio, kwa kuwa masikio hayawezi kutangulia pembetatu. Na anakutana na jometri kabla hajaijua kwa jina: mraba uliokunjwa kwa mshazari umekuwa pembetatu yenye nusu ya eneo lake, na ukikunjwa tena umekuwa robo. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Ujerumani aliyeanzisha shule ya kwanza ya chekechea mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi miongoni mwa kazi za mikono za watoto wake kwa sababu hiyo.

Tumia maneno hayo wakati wa kazi yenyewe: kona, ukingo, mraba, pembetatu, nusu, robo, katikati. Usiyageuze kuwa mtihani. Mtoto anayesikia "kona" kila mara anapoigusa kona hahitaji kuulizwa kona ni nini.

Mtoto mwenye ulemavu wa mikono au wa macho anaweza kushiriki?

Anaweza, na yako maumbo yaliyobuniwa kwa kumfikiria. Katika miaka ya 1970, Mwingereza John Smith aliweka utaratibu wa origami unaoruhusu mikunjo miwili tu ya msingi, ule unaokunjwa kuja kwako na ule unaokunjwa kwenda nyuma, mmoja baada ya mwingine, bila mikunjo tata inayohitaji kusukuma sehemu kadhaa pamoja. Aliukusudia utaratibu huo uwarahisishie wanaoanza na wenye ugumu wa kutumia mikono. Mbwa na paka walioelezwa hapo juu wanaingia humo. Karatasi ibandikwe mezani kwa kipande cha utepe wa gundi kwenye ukingo usiokunjwa, nayo itashikilika yenyewe.

Kwa mtoto asiyeona, mkunjo ni mstari unaosomeka kwa kidole. Tumia karatasi yenye upande mmoja laini na mwingine wa kukwaruza, kata alama ndogo kwenye kona ya kuanzia, na umweleze kila hatua kwa mahali pa kugusa badala ya mwonekano.

Mwanangu anataka kukunja korongo. Nimkubalie?

Mpongeze kwa kutamani, lakini msubiri mpaka miaka 8 au 9, au mpaka atakapokuwa anamkunja nyangumi bila kuonyeshwa. Korongo wa kimapokeo anahitaji kufungua mifuko ya karatasi na kuibana upya, na kuziingiza ncha ndani ya mikunjo mingine, kazi ambayo kosa dogo la mwanzo huongezeka kila hatua.

Watoto wakubwa kidogo mara nyingi husikia habari za Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima aliyekuwa na umri wa miaka 2 bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945, akaugua saratani ya damu, na akawa akikunja korongo wa karatasi hospitalini hadi alipofariki mwaka 1955. Sanamu ya kumkumbuka yeye na watoto wengine waliokufa kwa sababu ya bomu ilizinduliwa katika bustani ya amani ya Hiroshima mwaka 1958. Ni habari ya kweli inayostahili kuelezwa kwa heshima, na kwa maoni yangu isielezwe kwa mtoto wa miaka 4 kama kionjo cha kumfanya akunje.

Michoro na video zinasaidia?

Zinakusaidia wewe kabla ya kikao. Alama za mistari ya vipande na mishale zinazotumika katika vitabu vingi leo zinatokana kwa kiasi kikubwa na mfumo wa Akira Yoshizawa wa Japani, aliyeishi kati ya mwaka 1911 na 2005, na mtu akizijua anaweza kukunja kutoka kitabu cha lugha asiyoisoma. Mtoto ambaye hajafika miaka 6 au 7, hata hivyo, hujifunza vizuri zaidi kwa kutazama mikono iliyo karibu naye. Video haisubiri, na kila inaposimamishwa uangalizi wake hukatika. Mkunje mnyama peke yako mpaka uweze kumkunja bila kuangalia popote, kisha ndipo umwite mtoto.

Kuna hatari yoyote?

Ni chache. Ukingo wa karatasi mpya hukata ngozi, hasa kidole kinapoteleza kwa kasi juu yake, kwa hiyo mkunjo ukazwe kwa kubonyeza na kufagia sehemu iliyokunjwa, si ukingo ulio wazi. Macho ya plastiki ya kubandika na vifungo vidogo visiwekwe mbele ya mtoto ambaye bado anatia vitu kinywani. Mkasi uwe wa ncha butu.

Wanyama waliokamilika tuwafanye nini?

Mwulize aliyewakunja. Wengine hutaka watungiwe uzi na kuning'inizwa dirishani, wengine hutaka wabandikwe kwenye karatasi kubwa yenye mto na miti waliyoichora, na wengine wanataka tu kuwachezea mpaka wararuke, jambo ambalo ni haki yao. Ukitaka kuhifadhi wachache, wabanie ndani ya kitabu kizito wakiwa bapa, na uandike nyuma yao tarehe na umri wa mtoto. Waliobaki, kama hawana gundi nyingi wala vipande vya plastiki, wanaweza kuingia kwenye karatasi za kurejelezwa, ila usiwatoe bila kumwambia mwenyewe.